Grabu ya trekta dogo: anza na trekta, makucha baadaye

Msimu wa kuvuna miwa, ukipita Kibos, Chemelil au Muhoroni utaziona mashine za Bell za magurudumu matatu zikikumbatia miwa kwa mafungu na kuipakia kwenye trela. Taya zinafunguka, zinafumba, mzigo unapaa. Mkulima mwenye trekta dogo akitazama hapo, mawazo yake yanakimbilia magogo ya mkaratusi yaliyolala shambani Kakamega, visiki vya saipresi kule Elburgon, au mawe yasiyoisha ya Maragoli. Swali linalomjia ni moja: ninunue grabu gani, yaani taya za kushikia na kuinulia mizigo?

Ningemsihi aligeuze swali hilo. Mashine ya Bell iliundwa tangu chesisi kwa ajili ya kushika na kuinua. Trekta la shamba liliundwa kuvuta jembe. Uzito wake na nguvu zake ziko nyuma, ilhali grabu hukaa kwenye loda, ile mikono ya kuinulia inayofungwa mbele, upande ulio dhaifu. Kwa hiyo trekta ndilo linalochagua grabu. Ukilipima vizuri, uchaguzi unabaki mdogo sana, na mara nyingi unakuwa nafuu kuliko ulivyodhani. Ukiruka hatua hiyo utanunua chuma kizuri ambacho loda itakiinua chenyewe, halafu ishindwe kuinua kitu kingine.

Kila kilo ya chuma ni kilo ya gogo iliyopotea

Muuzaji atakwambia loda yake inainua kilo 600. Muulize zimepimiwa wapi. Kwa kawaida hesabu hiyo huchukuliwa kwenye pini za mwisho wa mikono ya loda, na mzigo wako hautakaa kwenye pini. Utakaa mbele yake kwa nusu mita au zaidi, na kadiri unavyosogea mbele ndivyo loda inavyopungukiwa. Kwa tahadhari, ondoa robo nzima. Kilo 600 zimekuwa 450.

Sasa toa uzito wa grabu yenyewe. Grabu ya upana wa mita 1.2 hadi 1.5 yenye taya moja la juu huwa na kilo 150 mpaka 250, kutegemea unene wa chuma. Kama loda yako inatumia bamba la kubadilishia vifaa kwa haraka, nalo lina uzito wake. Tuseme vyote pamoja ni kilo 250. Umebaki na kilo 200 za kazi.

Kilo 200 ni gogo gani? Mkaratusi mbichi una uzito wa takriban kilo 1,000 hadi 1,100 kwa mita ya ujazo, yaani sawa na maji au zaidi. Gogo la urefu wa mita 3 na unene wa sentimita 25 lina mita za ujazo 0.147, kama kilo 150 hadi 160. Hilo utalibeba. La unene wa sentimita 30 linafika kilo 210 hadi 230, na tayari umevuka mpaka. La sentimita 40 linakaribia kilo 400. Macho hudanganya hapa, kwa sababu unene ukiongezeka kwa theluthi moja tu, uzito unakaribia kuongezeka maradufu. Saipresi ni nyepesi kuliko mkaratusi, ila ikiwa mbichi usiipigie hesabu ya mbao kavu.

Ndiyo maana grabu nzito inayovutia macho kwenye maonyesho ya kilimo inaweza kuwa ndiyo isiyokufaa. Kwa trekta la chini ya hp 40, kilo 80 za chuma cha ziada ni nusu ya gogo kila safari.

Kama huna kitabu cha loda, au umenunua trekta lililotumika kutoka Japani na maandishi huyaelewi, pima kwa mifuko ya mbolea. Simamisha trekta kwenye ardhi tambarare na ngumu, funga uzito wa nyuma, kisha pakia mifuko ya kilo 50 kwenye ndoo ya loda mmoja baada ya mwingine, ukiinua sentimita 30 tu kila mara. Msaidizi asimame mbali, kando, akitazama magurudumu ya nyuma. Loda ikikataa, au tairi za nyuma zikianza kuwa nyepesi, umefika. Ukiwa na mifuko 6 kwenye ndoo yenye kilo 120, uwezo wako pale chini ni kilo 420. Toa uzito wa grabu unayoifikiria, na kinachobaki ndicho utakachobeba, kikipungua kidogo tena kwa sababu gogo hukaa mbele zaidi kuliko mifuko iliyo ndani ya ndoo.

Uzito wa nyuma si wa hiari. Bila huo ekseli ya mbele inabeba mzigo, loda, grabu na sehemu ya trekta lenyewe, na breki za nyuma zinakosa mshiko. Njia nafuu ni pipa. Zege lina kilo kama 2,400 kwa mita ya ujazo, kwa hiyo pipa la lita 200 likijaa ni kilo 480, na nusu pipa ni 240. Kwa trekta la hp 25 hadi 35 anza na nusu. Kabla ya kumimina, pitisha vyuma vya kushikia linki za nyuma, yaani mikono mitatu ya kufungia vifaa. Trekta dogo huwa na pini za daraja la kwanza, milimita 22 kwa linki za chini na 19 kwa ya juu, na kubwa kidogo huwa na za daraja la pili, 28 na 25. Maji ndani ya tairi za nyuma husaidia pia. Weka mpaka valvu ikiwa juu kabisa ianze kutema maji, kisha ongeza hewa juu yake. Huku kwetu hakuna baridi ya kuyagandisha.

Ekseli ya mbele iangaliwe kwa umakini, hasa kwa trekta linaloendeshwa na magurudumu mawili. Inua mbele kwa jeki, shika tairi juu na chini, uitikise. Ukisikia mlio wa chuma, bushi za pini za usukani au beringi zimeisha, na loda itazimaliza kabisa ndani ya msimu mmoja. Tazama pia fremu ya loda imeshika wapi. Fremu nzuri inakwenda mpaka kwenye ekseli ya nyuma. Iliyoshikwa kwenye injini peke yake inapeleka nguvu zote kwenye chuma cha kumimina kati ya injini na klachi, na chuma hicho hakipindi. Kinapasuka.

Mafuta

Wengi huanza kufikiria haidroliki siku grabu inapofika shambani, na hapo ndipo pesa zinapomwagika.

Grabu inahitaji njia mbili za mafuta, moja ya kufumba na moja ya kufungua. Massey Ferguson za zamani zilizojaa mashambani kwetu, kama 135 na 240, mara nyingi hutoka na tundu moja tu la kutipia trela: mafuta yanasukuma, uzito wa trela unarudisha. Tundu hilo peke yake haliendeshi grabu. Itakubidi uweke valvu ya mkono yenye njia mbili, na ufahamu kwamba kwenye trekta hizo pampu iko ndani ya bodi ya nyuma na inakunywa mafuta yale yale ya giaboksi. Unga wa chuma kutoka kwenye gia unaweza kufika kwenye silinda, na matope ya kapla chafu (kiunganishi cha hosi) yanaweza kufika kwenye gia. Mafuta yakiwa meupe kama maziwa, maji yameingia. Badilisha kwanza, grabu baadaye.

Kiasi cha mafuta yanayotoka kwa dakika unaweza kukipima bila kifaa. Chukua silinda mbili za kuinulia loda. Tuseme kipenyo cha ndani ni milimita 60 na mwendo wa fimbo ni sentimita 40. Kila moja inameza lita 1.13, zote mbili 2.26. Weka injini kwenye mwendo wa kazi, inua loda tupu kutoka chini mpaka juu, na uhesabu sekunde. Ikichukua sekunde 5, pampu inakupa lita 27 kwa dakika. Kipenyo cha ndani usikikisie kwa macho: pima cha nje kisha utoe unene wa ukuta pande zote mbili, au soma namba iliyogongwa kwenye silinda.

Lita 20 kwa dakika zinatosha kabisa. Silinda ya grabu yenye kipenyo cha milimita 50 na mwendo wa sentimita 20 inameza lita 0.39, kwa hiyo taya litafumba kwa sekunde moja na kidogo. Hiyo tayari ni haraka kupita unavyohitaji, na mafundi wazuri huweka kizuizi chenye tundu la milimita 1.5 hadi 2 kwenye hosi ili taya lisigonge.

Nguvu nayo haikosekani. Silinda hiyo ya milimita 50, kwa shinikizo la bar 170, inasukuma kwa zaidi ya tani 3. Kama imeshika taya sentimita 15 kutoka kwenye pini, na ncha ya kucha iko sentimita 75, nguvu inagawanyika kwa 5 na ncha inabana kwa kilo 650 au zaidi. Gogo lako lina kilo 200. Anayekushawishi uchukue silinda ya milimita 63 au 75 kwa trekta dogo anakuuzia uwezo wa kupinda grabu yako mwenyewe.

Mafuta yafikeje mbele? Kuna njia tatu. Ya kwanza ni kutoa hosi kwenye matundu ya nyuma na kuzipitisha kando ya chesisi mpaka kwenye loda. Ni nafuu kuliko zote na haina umeme wa kuharibika, ila lazima uachie usukani au wenzo wa loda ili ufikie wenzo wa nyuma. Ya pili ni valvu ya umeme ya kugawanya yenye matundu sita, inayoazima mafuta ya kukunjia ndoo. Ukibonyeza kitufe kwenye wenzo wa loda, mafuta yanakwenda kwenye taya, na ukiachia yanarudi kwenye kukunja. Huwezi kukunja na kufumba kwa wakati mmoja, na kwa kazi ya magogo hilo halina shida. Ya tatu ni valvu kamili ya njia ya tatu, inayofanya yote pamoja na kugharimu zaidi. Kwa shamba dogo naipendelea ya pili. Umeme wake ni wa volti 12 na nyaya zake ni mbili tatu, hivyo fundi yeyote wa umeme wa magari wa Nakuru au Kisumu anaimudu. Waya wa kwenda kwenye kitufe upitishwe ndani ya mpira na fyuzi iwekwe karibu na betri.

Kosa linaloua pampu ni hili. Trekta nyingi ndogo zina mfumo ambao mafuta yanazunguka muda wote, yakipita kwenye valvu moja kwenda nyingine kabla ya kurudi kwenye tangi. Ukiongeza valvu katikati, inahitaji njia tatu: ya kuingiza, ya kurudisha tangini, na ya kupitisha mbele kwa valvu inayofuata. Fundi akiunganisha njia ya tangi mahali pa njia ya kupitisha mbele, shinikizo lote linaingia sehemu ya valvu ambayo haikuundwa kulibeba. Sili inaruka siku hiyo hiyo, au valvu inapasuka. Njia ikizibwa kabisa kabla mafuta hayajafika kwenye valvu ya usalama, pampu ndiyo inayokwenda. Mwambie fundi akuonyeshe kwa kidole kila hosi inatoka wapi na inakwenda wapi kabla hujawasha injini. Asiyeweza kuonyesha asiguse.

Hosi ziwe za nchi 3/8 zenye waya tabaka mbili, zinazobeba bar 330. Za tabaka moja kwa kipimo hicho hubeba bar 180, na hiyo ni karibu mno na shinikizo la kazi la trekta lako. Jihadhari na nyuzi za kapla. Zipo za BSP zenye koni ya digrii 60 na za JIC zenye digrii 37, na baadhi ya vipimo huanza kuingiana kwa mkono. Zikikazwa pamoja huvuja, na mwenye shamba hukaza zaidi na zaidi mpaka nati inapasuka. Nenda kwa mbanaji wa hosi ukiwa na kapla ya zamani mkononi.

Na uvujaji wa haidroliki usiutafute kwa kiganja. Tundu la ukubwa wa ncha ya sindano linaweza kupenyeza mafuta ndani ya ngozi. Jeraha linaonekana dogo, maumivu si makali mwanzoni, na baada ya saa chache kidole au mkono unaweza kupotea. Tumia kipande cha kadibodi. Likitokea, mtu apelekwe hospitali papo hapo na aseme wazi kwamba ni mafuta ya shinikizo, asingoje kesho.

Aina ipi sasa

Ukishajua kilo na lita zako, aina za grabu zinajichuja zenyewe.

Grabu ya reki ina meno chini yaliyoachana sentimita 20 hadi 25, udongo unadondoka na vichaka vinabaki. Ni ya kusafisha lantana, matawi ya mikaratusi baada ya kukata, visiki vilivyokwisha kung'olewa, na mawe yanayozidi ukubwa wa kichwa. Mawe madogo yatapita katikati ya meno, hilo lijue mapema. Grabu ya ndoo ina sakafu nzima, ni ya samadi na sileji, na kwenye vichaka inabeba udongo mwingi bure. Grabu ya magogo ina makucha machache mazito yaliyopinda na haifai kwa kitu kingine. Mwenye ng'ombe watatu na robo ekari ya miti haihitaji.

Kuna moja isiyotajwa sana, na kwa mashamba mengi ya Vihiga, Kakamega na Nandi ndiyo ningeiweka mbele: uma wa kubebea mizigo wenye meno mawili, ulioongezewa taya moja la juu katikati. Taya likiwa limefungwa juu, ni uma wa kawaida wa kubeba mifuko, mapipa na mbao. Likishuka, linabana magogo mawili matatu membamba bila kuyumba. Uma huu ni mwepesi kuliko grabu ya reki, silinda yake ni moja, na udhaifu wake pekee wa maana ni matawi mafupi yanayoteleza katikati ya meno.

Taya moja au mawili? Faida ya mawili yanayojitegemea ni kwamba mzigo usio sawa unabanwa pande zote, upande mnene na mwembamba. Hasara ni silinda ya pili, hosi zaidi na kilo za ziada. Kwa upana wa mita 1.2, taya moja lenye upana wa sentimita 50 hadi 60 katikati linatosha. Mawili yaanze kufikiriwa kuanzia mita 1.5, kama loda inaruhusu.

Kuhusu upana, kama kazi kubwa ni kusafisha vichaka, grabu isiwe nyembamba kuliko nafasi ya tairi za mbele, la sivyo miiba inayoachwa kando inaingia kwenye tairi. Kama ni magogo, nyembamba ni bora, maana inapita kati ya miti bila kukwaruza iliyobaki.

Namna ya kuishika kwenye loda imewagharimu watu wengi safari za kwenda na kurudi. Kuna bamba la mtindo wa loda ndogo za Marekani, kuna ndoano za mtindo wa Ulaya, na kuna pini za kawaida, ambazo ndizo utazikuta kwenye loda nyingi za India. Havibadilishani. Kabla ya kulipa, pima unene wa pini, umbali kati ya mikono miwili ya loda kwa ndani na kwa nje, umbali kutoka pini ya chini hadi ya juu, na upana wa sikio. Andika kwa milimita, piga picha ukiwa umeweka rula pale pale.

Ukimpa fundi wa jua kali

Grabu nzuri inaweza kutengenezwa Nakuru au Kibuye mjini Kisumu, na pini, bushi na sili zitapatikana siku inapoharibika. Hilo ni jambo kubwa. Lakini mpe fundi mipaka.

Kwanza uzito. Bamba la chuma la futi 8 kwa 4, unene wa milimita 10, lina kilo 234. La milimita 6 lina 140. Mchoro ukimeza bamba zima la milimita 10, trekta lako dogo limeshindwa kabla ya kuchomelea. Meno yawe ya milimita 10, mbavu na viunganishi milimita 6, na mhimili wa nyuma uwe bomba la mraba badala ya bamba nene, kwa sababu bomba linastahimili kusokotwa likiwa jepesi.

Pili makucha. Mafundi wengi hupenda springi za lori zilizochakaa, na kwa kweli chuma chake hakilegei kwa urahisi. Tatizo ni kwamba kina kaboni nyingi. Kikichomelewa baridi na kupoa haraka, kinakuwa kigumu kama kioo pembeni mwa weldi na kuvunjika hapo hapo kwa kishindo cha kwanza. Akitaka kukitumia, akipashe moto vizuri kabla, atumie fimbo za kuchomelea za 7018 zilizo kavu, na akifunike na majivu au chokaa kipoe polepole. La sivyo atumie chuma cha kawaida cha milimita 12 na kukubali kwamba ncha zitalika. Ncha iliyolika inaongezwa kwa nusu saa. Iliyovunjika inaweza kuruka.

Fimbo za 6013 zinazouzwa kila duka zinatosha kwa mbavu. Masikio ya pini na ya silinda yachomelewe kwa 7018, na pakiti iliyokaa wazi msimu wa mvua ikaushwe kwenye oveni kwa nyuzi 300 hadi 350 kwa saa moja au zaidi. Unyevu ukiingia, weldi inaonekana nzuri na ndani ina nyufa.

Tatu pini. Milimita 25 zinatosha, za chuma cha shafti, si nondo. Ziwe na bushi za kubadilisha na vichwa vya grisi, nafasi ikiwa nusu milimita au chini. Sikio lisilo na bushi litakuwa yai ndani ya mwaka, na hapo unakata na kuchomelea upya.

Silinda ikae ndani ya umbo la grabu, si juu yake. Tawi linalorudi nyuma hugonga fimbo, na fimbo ikipata mkwaruzo inakata sili kila inapopita. Hosi zifunikwe, ziwe na ulegevu wa kutosha grabu ikiwa imekunjwa mpaka mwisho kila upande. Na umwombe fundi aweke kwenye silinda valvu ya kuzuia mafuta yasitoke humo yenyewe, ili hosi ikipasuka taya lisiachie mzigo.

Kama huna loda

Trekta nyingi za kwetu hazina loda, na kuifunga moja kwa sababu ya grabu peke yake ni gharama nisiyoipendekeza. Kuna koleo la nyuma la kuburuta magogo linalofungwa kwenye linki tatu. Halihitaji mafuta hata tone: uzito wa gogo wenyewe unavuta mnyororo na kufumba koleo, na gogo likishushwa linaachia. Linki za nyuma zina nguvu kuliko loda ya trekta hilo hilo, na uzito unakaa kwenye magurudumu yanayovuta. Gogo la kilo 400 lililokataa mbele linaburutwa vizuri, kwa sababu unainua ncha moja tu na nusu nyingine inabaki chini.

Kanuni yake ni kwamba nguvu ya kuvuta ikae chini. Inua ncha sentimita 20 hadi 30 tu. Mnyororo ukifungwa juu, kwenye linki ya juu au kwenye ekseli, gogo likikwama kwenye kisiki trekta linanyanyuka mbele na kupinduka nyuma kabla mguu haujafika kwenye klachi. Ongeza uzito wa mbele, na kama trekta lina fremu ya kukinga dereva, mkanda ufungwe.

Kwa mwenye loda, gogo la mbele lisafirishwe kimo cha goti. Kushuka mteremko, kama zile njia za Nandi Hills baada ya mvua, shuka kwa rivasi ili mzigo ubaki upande wa juu. Na kisiki kisichong'olewa usikikamate kwa grabu na kukivuta kwa kuinua loda. Chimba kuzunguka, kata mizizi, kisha ukibebe. Taya lililofumba kwenye kisiki huku trekta likisukuma hupandisha shinikizo ndani ya silinda kuliko pampu ilivyoweza kulileta, na fimbo inapinda. Valvu ya usalama ya silinda yenyewe huzuia hilo, na bei yake ni ndogo kuliko ya silinda.

Siku ya kulipa

Usilipe grabu ikiwa sakafuni. Ifungwe kwenye trekta lako, injini iwashwe, taya lifunguliwe na kufumbwa mara 20 mfululizo, kisha upapase pini zote. Inayopata joto imebana. Bana gogo ulilolipimia uzito, inua mpaka kimo cha goti, zima injini, na usubiri dakika 10. Taya likilegea, sili au valvu inavuja ndani, na muuzaji airekebishe hapo hapo. Kunja grabu mpaka mwisho pande zote mbili ukitazama hosi: hakuna inayonyooka kabisa, hakuna inayosagwa.

Kapla zikikataa kuingia kwa sababu grabu imekaa juani mchana wa Kisumu, usizigonge kwa nyundo. Mafuta yaliyofungiwa yametanuka. Isogeze kivulini, legeza nati ya hosi kidogo ukiwa umevaa glavu na miwani, shinikizo litoke, kisha kaza tena. Ili isijirudie, kabla ya kuifungua zima injini na utikise wenzo pande zote mara kadhaa.

Baada ya saa 10 za kwanza za kazi kaza bolti zote za fremu ya loda, maana rangi mpya chini ya bolti husagika na kuacha ulegevu. Grisi ni kila saa 8, au kila asubuhi kama kazi ni ya vumbi. Chujio la haidroliki libadilishwe kwenye saa 50 hata kama kitabu kinasema baadaye, kwa sababu hosi mpya zilizokatwa huacha vipande vya mpira na waya ndani yake, na vyote hivyo sasa viko kwenye mafuta ya trekta lako.